Volti Tisa za Mwalimu

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "hapana". Alilitamka bila haraka na bila kupandisha sauti, akikutazama usoni, na ukishalisikia ulijua kwamba mazungumzo yamekwisha hata kama wewe bado una ya kusema. Alilitumia kwa mwalimu mkuu, kwa wauza samaki wa Msambweni, kwa maafisa wa elimu waliokuja na magari yao, kwa wazazi waliotaka kuozesha wanafunzi wake kabla ya mtihani, na hata kwa daktari aliyemwambia kwamba akishaondolewa zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, hatasema tena. Baada ya upasuaji lile neno lilipungukiwa na herufi moja. Mtu anayepumulia tundu la shingoni hana pumzi ya kupitisha mdomoni, na bila pumzi hiyo "h" haitoki. Likawa "apana". Aliendelea kulitumia vilevile, na sikuona mtu aliyelipuuza kwa sababu ya upungufu huo. Maneno yake mengine nitayaandika na "h" zake. Hilo moja nitaliacha alivyoliacha yeye.

Yule mama tulimwita Mwalimu tu. Walimu ni wengi kutoka Diani mpaka Majoreni, lakini mtaani kwetu ukisema Mwalimu, bila kutaja jina wala shule, hakuna aliyekuuliza yupi. Kwanza alinifundisha fizikia katika shule ya wasichana. Kisha alistaafu, akajenga mkabala na kwetu, akawa jirani. Miaka yake ya mwisho akawa mteja wangu, maana mimi natengeneza simu na redio katika kibanda changu pale Ukunda. Nimemjua katika hali hizo tatu, na katika kila moja tuligombana.

Ile shule ilikuwa na mwalimu mkuu aliyeona kwamba fizikia inaiangusha. Wasichana wanapata alama mbaya, wastani wa shule unashuka, na wastani ukishuka yeye ndiye anayeitwa mjini kuulizwa. Asubuhi moja, gwaride likiwa limesimama, akatangaza kwamba somo hilo limeondolewa na kwamba sote tutachukua biolojia.

"Kasema nani?" Mwalimu aliuliza kutoka mstari wa walimu.

"Nimesema mimi."

"Na wewe kakwambia nani?"

Maabara ikafungwa, ufunguo ukaingia mfukoni mwa mwalimu mkuu. Mwalimu naye akaleta betri za tochi, waya na balbu ndogo ndogo, akatukalisha chini katika ukumbi mwembamba, nje ya mlango wa maabara uliofungwa. Hakupachagua mahali pale kwa kukosa pengine. Mwalimu mkuu hakuweza kufika ofisini kwake bila kutupita, na kila alipotupita tuliamriwa tusimame sote na kumwamkia kwa heshima. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu!" Akienda chooni, shikamoo. Akirudi, shikamoo. Akitoka na wageni, shikamoo. Kabla muhula haujaisha, ufunguo ulikutwa juu ya meza ya Mwalimu katika chumba cha walimu, na hakuna aliyesema umefikaje pale.

Ningependa kuandika kwamba tulifaulu sote. Hatukufaulu. Wengine tulianguka vibaya sana, na mwalimu mkuu hakusahau kulitaja hilo mbele ya wazazi. Mwalimu hakutaka hata kuonewa huruma. "Kufeli fizikia ni haki yao," aliwaambia wazazi. "Kunyimwa fizikia ndiko kusiko haki."

Mtu akisikia haya anaweza kudhani alikuwa mtu wa kudharau kila utaratibu. La. Sijamwona aliyeshika adabu kuliko yeye. Aliwaamkia watu waliomzidi miaka michache tu, na ukimkuta barabarani ukampita kwa "mambo", alikusimamisha hapo hapo juani mpaka uamkie upya. Sare zetu alizikagua mpaka pindo. Na alikuwa na jambo moja lililotuchekesha hata tukiwa watu wazima: radi ikipiga, yeye aliyetufundisha jinsi umeme unavyotafuta njia ya kwenda ardhini, alikimbia kufunika vioo vyote vya nyumba kwa leso, kama alivyofanya bibi yake.

Siku moja ya mvua nilikuwa kwake. Nikamwambia, "Lakini Mwalimu, kioo hakiiti radi. Umetufundisha wewe."

"Najua. Shika ncha ile ya leso."

Alikuwa pia mkosa subira, ingawa ubaoni alihubiri subira. Alipima mara mbili pale tu palipokuwa na mwanafunzi wa kumtazama. Akiwa peke yake alikisia. Redio yake ya nyumbani aliiunguza kwa kukisia, akaiweka kabatini na kuitandikia kitambaa, na akiulizwa alisema inapumzika.

Nilipofungua kibanda alikuja kukikagua. Alinikuta nikirekebisha kishusha-volti, kile kibao kidogo chenye chipu kinachopokea volti nyingi za betri na kutoa chache ambazo kifaa kinazitaka. Nilikuwa nikizungusha skrubu yake kwa bisibisi, jicho kwenye mita, mpaka namba ninayoitaka itokee.

"Unafanya nini hapo?"

"Napanga volti za kutoka."

"Unazungusha skrubu. Unajua kwa nini zinabadilika?"

Nikaweka bisibisi chini. Akaketi juu ya kiti cha wateja, na wateja wakasubiri.

"Ile chipu ni mpishi," alisema. "Mpishi huyu ana ladha moja tu anayoitaka. Kijiko anachoonja lazima kiwe na chumvi kiasi kile kile, maisha yake yote. Ukimpa kijiko kutoka chunguni moja kwa moja, chungu kizima kitakuwa na chumvi hiyo. Lakini wewe ukikizimua kile kijiko kwa maji kabla hajaonja, ataona nini?"

"Chumvi haijafika."

"Atafanya nini?"

"Ataongeza."

"Ataongeza mpaka kijiko kilichozimuliwa kifike pale anapopataka. Chungu sasa kina chumvi nyingi, na mpishi ameridhika, hajui lolote. Haya, ni nani aliyeamua chumvi ya chungu?"

"Aliyezimua."

"Basi rezista mbili ndizo zinazozimua."

Akanichorea kwenye upande wa ndani wa boksi la simu. Chipu ina mguu mmoja wa kuonjea, na katika mguu ule inataka nukta nane ya volti, si zaidi wala pungufu. Rezista ni kipande kidogo cha kubana umeme usipite wote. Moja, ya juu, inatoka kwenye volti zinazotoka mpaka kwenye mguu ule. Nyingine, ya chini, inatoka kwenye mguu ule mpaka ardhini. Kadiri ya juu inavyokuwa kubwa kuliko ya chini, ndivyo chipu inavyoonja fungu dogo zaidi, na ndivyo inavyopandisha volti kulifidia fungu hilo. Hutoi amri yoyote. Unaamua tu ni fungu gani ionje. Na haiwezi kutoa zaidi ya kile inachopewa na betri. Kazi yake ni kushusha, si kuzidisha.

"Hiyo skrubu yako," alimalizia, "ni rezista inayoyumba. Siku moja itakuaibisha."

Ilimwaibisha yeye, lakini kwanza nieleze ile sauti.

Sauti yake ya kwanza haikuhitaji kipaza. Akiwa darasani, wauza maandazi nje ya lango la shule walijifunza sheria za mwendo bila kutaka. Ilipoanza kukwaruza, alisema ni vumbi la chaki, ingawa alikuwa ameshastaafu na chaki hashiki. Aliposhindwa kumeza ndipo alipokubali kupelekwa Mombasa. Walimwondoa zoloto na uvimbe wake, wakamwachia tundu chini ya shingo la kupumulia, ambalo alilifunika kwa mtandio mwepesi. Aliporudi nyumbani alikuwa mzima na kimya.

Kaka yake mkubwa, mtu mwema, mcha Mungu, aliyempenda sana, alikuja kuketi naye kila alasiri. "Umesema vya kutosha, dada yangu," alimwambia mbele yangu. "Mwenyezi Mungu amekupumzisha. Sasa nasi tukusemee." Akamletea daftari na kalamu. Mwalimu alivitazama, akamrudishia vyote viwili. Nilimwelewa baadaye. Akiandika, ni lazima mtu mwingine amsomee, na mtu huyo angekuwa kaka yake, kwa sauti ya kaka yake, na kwa upole wa kaka yake. Hakuutaka upole huo uchanganywe na maneno yake.

Alipokwenda tena kliniki Mombasa walimpa kifaa kimoja cha msaada, cha umbo la tochi. Unakibana shingoni, unabonyeza kitufe, kinatoa mlio wa kukoroma usiopanda wala kushuka, na mlio ule ukipita ndani ya koo na kufika mdomoni, ulimi na midomo vinaugeuza maneno. Sauti inayotoka ni kama redio iliyo nje kidogo ya stesheni. Siku ya kwanza alipoitumia sokoni, muuza samaki mmoja alirudi nyuma na kuanza kusoma dua ya kufukuza shetani.

"Nipimie hao changu kwanza," Mwalimu alimwambia, "kisha usome."

Watoto walimkimbia, halafu wakamfuata, halafu wakamzoea. Akaanza tena kusimamisha watu juani kwa ajili ya salamu. Wapo waliosema kwamba mwanamke wa heshima angekaa nyumbani na sauti ile. Hakubishana nao. Alikwenda kukaa kwenye baraza zao na kuzungumza nao kwa saa nzima, kwa sauti ile ile, mpaka wao ndio wakachoka.

Kisha betri ya kile kifaa ikafa. Ilikuwa betri ya pekee, ya volti tisa, iliyotengenezwa kwa kifaa kile tu, na kliniki ikamwambia kwamba watengenezaji wameacha kuitengeneza. Vifaa vile vililetwa vyote kwa pamoja kama msaada, na betri zake zilikuwa zinakufa kwa pamoja. Asubiri, wakamwambia, huenda vipya vikaja. Kaka yake akaliona jambo lile kuwa ni ishara. Mwalimu akapanda tuktuk mpaka Ukunda, akaingia kibandani kwangu, akaweka juu ya meza kifaa chake na betri ya kompyuta ndogo iliyotupwa, akanitazama.

Midomo yake nilikuwa naijua. Miaka yote ile darasani niliitazama akifundisha. "Fungua," ilisema midomo.

Ndani ya ile betri ya kompyuta tulipata seli tatu zilizo hai. Zikiunganishwa kwa mstari zinatoa kama volti kumi na mbili zikiwa zimejaa. Kifaa kinataka tisa. Kilichohitajika ni kishusha-volti kati ya seli na kifaa. Mimi nikaanza kutafuta rezista. Yeye, mwenye hotuba ya mpishi, akanyoosha mkono na kuchukua kile kibao cha skrubu, kwa sababu kilikuwa tayari na yeye alitaka kusema siku ile ile. Akazungusha mpaka mita ikasoma tisa. Akashonea mfuko wa kitambaa ndani ya buibui, akaweka betri na kibao humo, waya ukapita ndani ya mkono wa nguo mpaka kwenye kifaa. Neno lake la kwanza baada ya ukimya ule lilikuwa la kumlaumu dereva wa tuktuk kwa kupiga honi.

Hapo sasa ndipo ilipokuja hitima ya mwadhini mzee wa mtaa wetu. Mwalimu alikuwa miongoni mwa wanawake, na alipoombwa aseme neno juu ya marehemu, aliyekuwa jirani yake mpendwa, akainua kifaa. Njia ya kutoka kwake mpaka pale ni mashimo matupu, na mtikisiko ule ulikuwa umeiachanisha skrubu na kile inachokigusa ndani. Rezista ya juu ikawa kama haipo. Chipu ikaonja, haikuonja kitu, ikafungulia volti zote za betri. Kifaa kikapiga ukelele wa juu, mwembamba, usiozimika, katikati ya watu waliokuwa wakimwombea marehemu. Mwalimu alikibonyeza, akakipiga, akakichomoa waya kwa nguvu. Baadhi ya vijana nje walicheka. Kaka yake alimshika mkono na kumtoa.

Nyumbani alimwambia, "Basi, dada yangu. Nakuomba kwa Mungu. Umejidhalilisha na umemdhalilisha marehemu."

Nilikuwepo. Mwalimu alilia siku ile, na kilio chake hakikuwa na sauti yoyote, mabega tu na ile pumzi ya shingoni. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. Halafu akajifuta kwa ncha ya mtandio, akamgeukia kaka yake, na midomo yake ikatengeneza lile neno.

Aliyemjua Mwalimu vizuri angeelewa kwamba haikuwa ukaidi mtupu. Mwadhini yule alikuwa mmoja wa watu watatu waliobeba jambo moja. Jirani yetu Mwanakombo alikuwa mjane wa fundi wa mawe. Mumewe, kabla ya kufariki, aliwaita watu watatu kwenye baraza ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akasema mbele yao kwamba nyumba ile amempa mkewe, akamkabidhi funguo huku wanatazama. Watu hao walikuwa mwadhini, Mzee Omari mshona viatu, na Mwalimu. Sasa ndugu za mume walikuwa wanamtaka Mwanakombo atoke. Mwadhini alikuwa amekufa. Mzee Omari mkewe ni dada wa hao ndugu, na kila alipoulizwa alijibu kwamba amezeeka, hakumbuki vizuri. Alibaki Mwalimu, na Mwalimu hakuwa na sauti. Chifu alikuwa ameshaita kikao.

Safari hii Mwalimu hakukisia. Alikaa kibandani kwangu kutwa nzima. Kwa rezista ya chini tuliweka ya kilo-omu kumi. Ili chipu ionje nukta nane yake wakati zinatoka tisa, ya juu ilipaswa kuwa mia moja na mbili na nusu, na rezista ya namna hiyo haipo katika droo ya mtu yeyote Ukunda. Tukaunga mbili kwa mstari, ya mia moja na ya mbili nukta mbili. Akaipokonya kalamu yangu na kupiga hesabu: inakuja chini ya tisa kwa unywele. Chini kwa unywele hakuna neno, akaashiria. Juu ndiko alikokuogopa.

Alisisitiza kushika chuma cha kulehemu mwenyewe. Tulipowasha, mita haikufika hata volti moja. Nilitazama, nikaona amezipanga kinyume, kubwa chini, ndogo juu, kwa hiyo chipu ilikuwa inaonja karibu chungu kizima na kuridhika mapema. Nilimwonyesha kwa kidole. Alinitazama, midomo yake ikasema, "Nilikuwa nakujaribu." Akalehemu upya. Mita ikasoma nane nukta tisa nane. Tukazimwagia gundi ya moto zile za juu ili zisitikisike hata kibao kikipigwa chini, na akakipiga chini kweli, mbele ya wateja, akakiokota, akaunga kifaa na kukibana shingoni.

"Hesabu ni hesabu," kikakoroma.

Ofisi ya chifu siku ile ilijaa mpaka madirishani. Mwanakombo alikaa mbele, amejifunika, mikono mapajani. Ndugu za mume walikuwa upande wa pili, na kati yao Mzee Omari akitazama viatu vya watu. Mwalimu alipoitwa, yule mkubwa wa ndugu alisimama kabla hajafika mbele.

"Chifu, kwa heshima zote. Hatuwezi kupokea ushahidi wa mashine. Tutajuaje anayesema ni yeye? Yale ya kwenye hitima kila mtu aliyasikia."

Watu wakanong'ona. Chifu alikuna kidevu, akasema kwa upole, "Mwalimu, hapana haja ya kujichosha. Andika tu. Kaka yako yupo, atatusomea."

Kaka yake akaanza kuinuka.

"Apana," alisema Mwalimu.

Aliondoa kifaa shingoni, akakishika juu mbele ya watu wote na kukibonyeza. Kikakoroma. Akakiegemeza kwenye meza ya chifu. Kikakoroma. Akamfuata yule ndugu mkubwa mpaka pale alipokaa, akakishika mbele ya uso wake, akabonyeza, akasubiri, kama mtu anayesubiri jibu la swali aliloliuliza darasani. Kikakoroma tu. Kisha akakirudisha shingoni.

"Mashine inatoa mlio," alisema. "Maneno ni yangu. Kama una shaka, iulize kama inamjua Mwanakombo."

Hakuna aliyecheka. Akaanza. Alieleza siku ile ilivyokuwa, nani alikaa wapi kwenye baraza, marehemu alivyokuwa akikohoa na kukatiza maneno, alivyozitoa funguo kwenye kamba shingoni mwake, na alivyoyasema maneno ya kumpa mkewe mara mbili kwa sababu mara ya kwanza kikohozi kilimkata. Alisema kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama ukutani, nasikiliza mlio kuliko maneno, nangoja ule ukelele. Haukuja. Mlio ulikoroma vilevile kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Alipomaliza hakumtaja Mzee Omari. Hakumtazama hata. Alisema tu, "Tulikuwa watatu," akakaa.

Chifu alikuwa ameshafungua mdomo aendelee na mengine. Mzee Omari akasimama, akashikilia mgongo wa kiti.

"Na mimi nilikuwepo," alisema. "Ni kama alivyosema."

"Omari!" akasema yule ndugu mkubwa.

"Niache, shemeji. Yeye hana koo na amesema. Mimi nina langu zima."

Ndugu waliondoka wakisema watakwenda mahakamani. Kama walikwenda, sisi hatukusikia. Mwanakombo bado yuko katika nyumba ile, na kila asubuhi anaanika nguo zake kwenye ua wa mbele, ambako zamani alikuwa haaniki. Kaka yake Mwalimu siku ile alirudi naye kwa miguu, na walipofika mlangoni alimwambia jambo nililolisikia kwa sababu nilikuwa nyuma yao: "Nilikuwa nataka upumzike tu." Mwalimu alimshika kiganja, akakibusu, jambo la adabu ambalo dada mdogo humfanyia kaka yake. Kisha akamwambia anywe chai asiondoke.

Miezi ya mwisho kabla hajatutoka, ugonjwa ulikuwa umeshamrudia, na alijua, na alinikataza kuutaja. Asubuhi moja alikuja kibandani akiwa amekonda, buibui limemzidi, na nyuma yake mwanamume mrefu wa makamo mwenye kitambaa shingoni. Aliitwa Ndoro, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Samburu, kule kwenye barabara kuu ya Nairobi. Walikuwa wamekutana kliniki. Amekatwa kama alivyokatwa Mwalimu, amepewa kifaa kama chake, na betri yake ilikufa kabla hajazoea kukitumia. Tangu wakati huo hajasema na mtu. Biashara yake yote ni ya kupatana bei kwa mdomo, na sasa wanunuzi wanampita.

"Mtengenezee," Mwalimu aliniambia.

Sikuuliza. Kumi chini, mia na mbili nukta mbili juu, gundi ya moto. Ndoro alisubiri akiwa amekaa wima kama mtu aliye mahakamani. Nilipompa, alikibana shingoni, akabonyeza, mlio ukamshtua mwenyewe, akakishusha.

"Fungua mdomo," alisema Mwalimu. "Usinong'one. Mlio unao, lete maneno."

Akajaribu. Hayakueleweka. Akajaribu tena, Mwalimu akimsogeza mkono wake shingoni kidogo kidogo, kushoto, juu, mpaka pakapatikana mahali laini.

"Mbuzi," alisema Ndoro.

"Vizuri. Sasa mpigie mkeo."

Alisita, lakini huwezi kusita sana mbele ya yule mama. Akapiga, akaweka simu kwenye spika juu ya meza yangu. Sauti ya mwanamke ikaitika.

"Mama Kadzo," alisema Ndoro.

"Nani wewe?" Sauti ikawa kali. "Simu ya mume wangu umeitoa wapi? Mrudishie mwenyewe simu yake, mwizi mkubwa!" Akakata.

Ndoro akaweka kifaa mezani taratibu, akaanza kuchomoa waya. Macho yake yalikuwa yamejaa. Akatikisa kichwa, akaashiria kwa mkono kwamba basi, inatosha.

"Apana," alisema Mwalimu. "Piga tena. Akikata, piga tena. Una betri ya kutwa nzima."

Akapiga. Safari hii alianza kabla mkewe hajasema. "Mama Kadzo, usikate. Yule beberu mweupe umemfunga?"

Upande wa pili tulisikia kuku, na mtu akitwanga mbali. Kisha yule mwanamke akasema, kwa sauti ndogo iliyokuwa inaanza kuvunjika, "Amekata kamba tangu asubuhi. Baba Kadzo, amenilia mboga zote."

Nikainama nikijifanya natafuta kitu kwenye droo. Nilipoinua kichwa, Mwalimu alikuwa ameshaacha kuwasikiliza. Alikuwa ameufungua mkoba wake na anaumimina juu ya meza yangu: vifaa vya umbo la tochi, vya aina ile ile, kila kimoja kimefungwa kwa kipande cha kitambaa cha mwenyewe, wenyewe wengine wa Taru, wengine wa Vanga, wengine sijui wapi. Alikuwa amewakusanyia wenzake kliniki nzima.

"Kliniki inajua umevichukua hivi?" nilimuuliza.

Alinitazama kana kwamba nimemkosea adabu, akavuta kiti cha wateja, akaketi, na kukunja mikono ya buibui.

"Nimewaahidi watasema," alisema. "Washa chuma."